Chapa Husomwa na Jirani

Swali la juma: "Mkristo akivua msalaba shingoni na akaacha kutaja jina lake la ubatizo, jirani atamtambua kwa alama gani?"

Ndugu Mhariri,

Jibu la haraka ni "kwa upendo", na ni jibu sahihi. Limo katika Yohana 13:35: "Hivyo watu wote watatambua ya kuwa ninyi mmekuwa wanafunzi wangu, mkiwa na upendo ninyi kwa ninyi." Taabu ni kwamba aya hiyo husomwa, watu wakaitikia amina, na hakuna aulizaye anayetambua ni nani na anatambua kwa kuona nini.

Wa kutambua ni "watu wote", yaani walio nje. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, akiandika karibu mwaka 197 kuwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi, alisema ni kazi ya upendo hasa iliyowapiga Wakristo chapa machoni pa watu. Kitenzi alichotumia ni cha kuunguza, kama chapa ya ng'ombe. Waliosema "tazameni wanavyopendana" hawakuwa wakisifu. Walikuwa wakinuna, maana wao wenyewe, anasema, walikuwa wakichukiana. Na ng'ombe haisomi chapa yake, iko ubavuni. Huisoma aliyesimama kando.

Hapa Malindi aliyesimama kando ni jirani Mwislamu wa Shella au Barani, muuguzi wa zamu ya usiku, mtu wa bodaboda aliyempeleka mgonjwa saa nane za usiku, mwenye duka anayeandika madeni. Hao hawazioni nia zetu. Wanaona nani alikuja, saa ngapi, ameshika nini, na nani hakujiwa na mtu. Kwa hiyo nitajibu kwa vitu vya kuonekana: beseni, mfuko, sufuria na daftari.

Beseni kwanza, kwa sababu amri ya kupendana ilitolewa usiku ule ule Yesu alipowaosha wanafunzi wake miguu. Tazama pia ilipowekwa: aya ya 30 Yuda anatoka, aya ya 34 ndiyo amri, aya ya 38 Petro anaambiwa atakana mara tatu. Anayesubiri wenzake wanyooke ndipo awapende hatapata jumuiya ya kwenda, yaani kundi la nyumba jirani zinazosali pamoja.

Alhamisi Kuu makanisani huoshwa miguu ya watu kumi na wawili ambao wameshaisugua nyumbani mpaka inang'aa. Ni ibada nzuri, sina neno nayo. Lakini ukivuka mto Sabaki kuelekea Magarini, au ukaingia bara upande wa Ganze, iko miguu inayohitaji kuoshwa mwaka mzima, na huoshwa kwa vipimo. Nasema habari ya funza. Funza jike akiingia ngozini ana ukubwa wa milimita moja tu. Kwa wiki moja au mbili huvimba akawa kama njegere, akabakiza kitundu cheusi juu ya ngozi cha kupumulia na kutolea mayai. Kosa linalorudiwa kila kijiji ni pini. Pini moja hupitishwa watoto wanne, na pamoja nayo yaweza kupita homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Tena funza akikatika, nusu hubaki ndani, ikaoza, na kidonda kikafungulia mlango pepopunda.

Njia yenyewe ni hii. Miguu ioshwe kwanza kwa sabuni ikauke. Kwenye beseni tia maji safi lita 10 na potasiamu pamanganeti, dawa ya chembe za zambarau ya kuua vijidudu, gramu 5. Gramu hizo akupimie mwuza dawa, usikisie kwa kijiko, kwa kuwa ikizidi huunguza. Koroga mpaka isibaki hata chembe chini ya beseni, maana chembe isiyoyeyuka ikigusa ngozi hufanya kidonda kipya. Miguu iloe mpaka juu ya vifundo kwa dakika 15, ifutwe hadi katikati ya vidole, kisha ipakwe mafuta mazito ya mgando. Vaa glavu, na usivae nguo unayoipenda, doa lake halitoki. Dimetikoni, dawa ya mafuta ya silikoni, ni bora zaidi: utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa 2013 ulikuta kwamba baada ya siku saba ilikuwa imewamaliza funza karibu mara mbili ya pamanganeti. Hiyo hudondoshwa juu ya kile kitundu cheusi, ikaziba pumzi. Ni ghali, kwa hiyo penye chupa moja tu waanze watoto na wazee wasioweza kusimama. Kidonda chenye usaha au mguu uliovimba si kazi ya jumuiya, ni wa zahanati siku hiyo hiyo, pamoja na sindano ya pepopunda.

Kazi hii ifanyiwe ndani, mlango ukiwa umerudishwa, nyumba moja moja. Picha isipigwe. Nyayo za mtoto zikishatumwa kwenye kundi la simu la parokia, hata kwa nia ya kuomba msaada, darasa zima litazijua kabla ya Jumatatu, na mama yake hatafungua mlango tena mkija.

Na ukiosha miguu ukaiacha sakafu ya vumbi, unatwanga maji kwenye kinu, kwa sababu mayai huanguka vumbini na kuanguliwa humo humo chumbani. Chumba cha mita 3 kwa 3, sakafu ya unene wa sentimita 5, kinataka mifuko 2 ya saruji, mchanga matoroli matatu na nusu na kokoto matoroli saba, halafu mfuko wa tatu wa kupiga lipu ya juu. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufuoni ni wa bure na ndio maana hutamaniwa, lakini chumvi yake huvuta unyevu, na baada ya muda sakafu hutoa unga mweupe. Kosa jingine ni haraka: kwa joto letu saruji hukauka juu kabla ya kushika ndani, ikapasuka, na nyufa zikajaa vumbi lile lile. Inyunyiziwe maji asubuhi na jioni siku saba, magunia yaliyolowa yakiwa juu yake. Katika siku hizo saba familia italala wapi? Hapo ndipo mtaa unapoona kama "ndugu katika Kristo" ni neno la midomoni au ni chumba chenye mkeka.

Fedha. Tertullian anaeleza mfuko wao ulivyokuwa: kila mtu hutia kidogo mara moja kwa mwezi, akipenda na akiweza, na hakuna anayelazimishwa. Haukutumika kwa karamu. Ulilisha maskini na kuwazika, ukatunza yatima, wazee wasiotoka tena nyumbani, waliovunjikiwa na merikebu, na waliofungwa machimboni, visiwani na magerezani kwa ajili ya imani. Hilo la merikebu watu wa Lamu na Malindi hatuhitaji kufafanuliwa. Mvuvi ambaye kusi imemvunjia ngalawa na kumchukulia nyavu hajapoteza samaki wa siku moja, amepoteza chombo cha kazi, na sahani ya wali haimrudishii.

Mfuko wa hapa una adui wake, nao ni kalenda ya hoteli. Baada ya Pasaka mvua za masika huingia, wageni hupungua, na wapishi, wahudumu na wachuuzi wa ufuoni hukaa nyumbani mpaka Julai. Jumuiya inayongoja tatizo lije ndipo ichange huumbuka mwezi wa Mei, kwa kuwa anayeombwa na anayeombewa wote hawana. Changeni Desemba hadi Machi kwa nguvu, na kidogo kidogo miezi mingine. Nyumba 20 zikitoa wastani wa shilingi 50 kwa wiki zinapata 1,000, na mwaka ni 52,000. Bima ya afya ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) kwa asiyeajiriwa, kiwango cha chini kabisa, ni 300 kwa mwezi, nayo hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Ukiwalipia wajane watano umetumia 18,000, na 34,000 zimebaki kwa misiba na ngalawa. Ni hesabu ndogo, lakini mjane ambaye kadi yake inasoma pale dirishani hosipitali hahitaji harambee ya usiku.

Yanayoharibu mfuko ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kusoma majina na kiasi mbele ya watu: asiye nacho huacha kuja, akahesabiwa kuwa amepoa imani. Kikapu kipite na kila mtu atumbukize ngumi iliyofungwa, yenye kitu na isiyo na kitu zifanane. La pili ni kukopeshana. Chama cha kuzungusha pesa ni kizuri, kiwe na daftari lake na siku yake; mfuko wa upendo usikopeshe hata shilingi. Aliyekopa akichelewa huona haya kuja kusali, na jumuiya ikapoteza fedha na ndugu kwa mpigo mmoja. La tatu ni kuweka fedha kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Si lazima awe mwizi. Akifa tu, au akihamia Mtwapa, kazi ipo. Akaunti iwe ya kikundi, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Paulo mwenyewe, alipobeba michango ya makanisa, alifuatana na wengine ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:20), naye alikuwa mtume.

La nne ni kabila, na hili tunalipitia kwa kunyata. Jumuiya ya Maweni au Kisumu Ndogo ina Wagiriama, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Wapokomo, na manung'uniko yakianza hupitia humo: "wao husaidiana wenyewe". Kanisa la Yerusalemu lilipatwa na ugonjwa huo huo katika Matendo 6. Wajane wa upande wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri juu ya umoja. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na ukiyasoma majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaani ufunguo wa ghala ulikabidhiwa watu wenye majina ya upande ule ule uliolalamika. Fanyeni hivyo na mweka hazina wenu mtazame kelele itakavyotulia. Na kikao kiendeshwe kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Wawili wakiingia lugha ya kwao katikati ya hesabu, wa tatu ameshahisi ameibiwa.

Kwenye sufuria, yaani msiba na chakula chake, nitakaa kidogo zaidi, kwa kuwa ndipo Malindi hututazama sana. Kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari, chenye paa la makuti na makaburi uani, hutajwa pamoja na Francis Xavier, mmisionari aliyepita hapa 1542 akielekea India. Katika barua aliyoandika Goa mwaka huo anasema mtu mmoja wa merikebuni alifariki wakamzika Malindi, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika. Sioni kama alisema kwa lugha ya mji neno ambalo lingewagusa zaidi ya hilo.

Leo wangesemaje? Jirani zetu Waislamu huzika siku ile ile ikiwezekana, na jeneza hubebwa hata na mpita njia. Sisi twaweza kukaa wiki mbili, kila jioni kikao cha matanga, ada ya mochari ikipanda kila kuchwao. Chanzo si huzuni, ni kutoamua. Ndani ya siku mbili za kwanza yaamuliwe mambo matatu: azikwe wapi, siku gani, na nani anashika kibali cha mazishi. Aliyefia hosipitali, karatasi huanzia hapo. Aliyefia nyumbani, huanzia kwa naibu wa chifu, na kuchelewa kumjulisha ndiko hukwamisha gari barabarani. Kusafirisha mpaka bara ya mbali ni haki ya familia, lakini jumuiya iseme mapema itachangia kiasi gani, isije ikaahidi kwa machozi ya siku ya kwanza na kukimbia siku ya tano.

Chakula cha watu 100: mchele kilo 12 na nusu, maharagwe makavu kilo 6, nazi moja kwa kila kilo ya mchele ukitaka wali wa nazi ulio mwepesi, mbili ukitaka unaonukia. Maharagwe yalowekwe usiku, vinginevyo kuni zitaisha kabla hayajaiva. Chai ya rangi, vikombe 100 vya robo lita, ni maji lita 25, sukari kilo 1 na majani robo kilo. Mbuzi akichinjwa, achinjwe na Mwislamu, na sufuria ziwe ambazo hazijapikiwa nguruwe. Wakristo wengi wa pwani hufanya hivi bila kufikiri, wageni ndio huuliza kwa nini. Ni kwa sababu jirani atakuja, na akija ale, asikae na glasi ya maji mkononi akijifanya ameshiba.

Hapo baadhi hupinga: amri yasema "ninyi kwa ninyi", majirani wanaingiaje? Kaisari Julian, aliyetaka kurudisha miungu ya Kirumi, alilijibu swali hilo bila kukusudia. Mwaka 362 alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyotuita, hulisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Sufuria iliyojaa vizuri ndani humwagikia nje. Ila kinyume chake si kweli: wapo wanaogawa unga kwa wageni mbele ya kamera huku mzee wao wa jumuiya hajaoshwa siku tatu.

Neno moja la kando kuhusu kugawa. Wakorintho waligombezwa na Paulo kwa sababu kwenye chakula chao cha pamoja aliyewahi alikula na kulewa, aliyechelewa akalala njaa. Kwetu wanaochelewa ni askari wa mlangoni na wapishi wa hoteli wanaotoka zamu saa nne usiku. Sahani zao zitengwe na kufunikwa kabla mtu wa kwanza hajapakuliwa. Zikitengwa mwisho, zitakuwa ukoko.

Limebaki daftari. Aprili 2023 maiti zilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya mji huu, na kabla kazi haijaisha zilikuwa zimepita 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa wakitumaini kumwona Yesu. Yamesemwa mengi juu ya mafundisho ya mhubiri wao. Mimi nataja jambo dogo: katika kila nyumba iliyohamia huko ilikuwapo siku ya kwanza ambayo kiti chake kanisani kilibaki kitupu, au jirani yake mtaani aliikosa. Imani inayomtenga mtu na mama yake, shule, hosipitali na jirani haina anayeweza kuisoma chapa yake, kwa kuwa imewafukuza wasomaji.

Basi daftari la jumuiya liwe na safu sita: jina la nyumba, tarehe walipoonekana mwisho, waliotumwa, walichokuta, kinachohitajika, kilichofanyika. Nyumba ikikosekana mara mbili mfululizo, wawili waende kabla ya mara ya tatu, mmoja wao mwanamke, wakae dakika 20 na si zaidi. Wasiulize "mbona hamji?", waulize "mko vipi?", kisha wanyamaze. Watazame maji, moto na dawa. Kwa mgonjwa wa kitandani waulize anageuzwa kila baada ya saa ngapi. Zikizidi mbili, kidonda cha kiunoni na visiginoni kiko njiani, na kinachohitajika ni zamu ya mikono kabla ya sala ndefu. Penye kuhara, na hakuna pakiti za chumvi na sukari za zahanati, watengeneze lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa watoto, kwa hiyo isikisiwe kwa kubana vidole.

Ukilifungua daftari la jumuiya nyingi utakuta safu tano za kwanza zimejaa mwandiko mzuri na ya sita ni tupu. Hiyo isomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, kabla ya wimbo wa kufunga, waliokuwa na zamu wakiwa wamesimama.

Msomaji,
Maweni, Malindi